Aliyekosea Tangazo la Nyambura

Maitu,

Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji ya kunywa na ya kupiga simu ukifika, mama yako ameyamaliza. Ameyasema mara nne nikiwa nasikia, kwa hivyo mimi sitayagusa. Ninyi wawili mmetoka kwenda kutafuta begi lingine kwa sababu lile la kwanza limekataa kufungwa, na mimi nimebaki hapa dukani Ruiru na daftari la mistari. Nimeona niandike kwa mkono. Ningetumia kompyuta, ungeanza kwa kukosoa herufi nilizochagua kabla hujasoma neno hata moja.

Kuna jambo nimekuficha kwa miaka mitano. Linahusu Wambui na sababu iliyomfanya aache kukusemesha. Nitakwambia lote leo. Lakini niruhusu nianzie mbali kidogo, na si kwa kukwepa. Kosa langu lilizaliwa ndani ya kazi ileile unayoenda kuifanya Kisumu, ya kuunganisha rekodi za zahanati na za maabara na za duka la dawa, na nataka uone lilivyoota.

Ningeweza kunyamaza hadi nife, nikiri hivyo. Kilichonishinda ni Jumapili iliyopita. Ulikuwa sebuleni unachagua vitu vya kubeba, ukaipata ile picha yenu ninyi wawili mkiwa na sare za shule, mmekumbatiana kama mliogundishwa. Ukaitazama, ukamwambia mama yako, "Naenda bila kumuaga Wambui. Na sijui hata nilimfanyia nini." Kisha ukaendelea kukunja nguo. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai, na chai ile sikuimaliza. Baadaye nikamwita mama yako nyuma ya nyumba nikamweleza kila kitu. Akasema, "Mbona unaniambia mimi? Mwambie yeye."

Haya.

Unalikumbuka duka lilivyokuwa ulipokuwa mdogo: kompyuta tatu, mashine moja ya kutoa nakala, na watu wenye msiba wamekaa kwenye benchi wakingoja kupigiwa chapa programu za mazishi. Hawa watu walikuwa wakiniuliza mambo yaleyale. Mkutano wa matanga ni wapi leo, mazishi ni Alhamisi ama Ijumaa, na ule mwili unatoka saa ngapi. Ndipo nikafungua blogu ya tanzia. Ilikuwa ya bure, yenye kisanduku kimoja kikubwa cha maandishi, na kila tangazo nililimwaga humo lote kwa pamoja, jina na kanisa na watoto na tarehe. Mtu akija kuniambia, "Baba Nyokabi, niangalizie wale wa kijiji cha Murera," nilikuwa nashuka na ukurasa kwa kidole hadi macho yaume.

Ni wewe uliyeniambia nivunje matangazo yale vipande vipande. Ulikuwa kidato cha pili. Ulichukua kalenda ya mwaka uliopita, ukaigeuza, ukachora visanduku: jina, kijiji, wazazi, mume au mke, watoto, wajukuu, kanisa, siku. Nilicheka, nikakuambia unataka kugeuza kilio kuwa fomu ya shule. Ukanijibu, "Lakini Baba, tangazo ni fomu already. Si kila mtu huanza na 'daughter of the late', then 'wife of', then 'mother of', then 'cucu of'?" Ulikuwa umesema kweli, kuanzia binti wa fulani hadi cucu, yaani nyanya, wa fulani. Watu wetu walikuwa na mpangilio huo zamani, mimi ndiye niliyekuwa nauvuruga kwa kuumwaga ndani ya kisanduku kimoja.

Tukahamia kwenye chombo kingine cha kuendeshea blogu, kile kinachokuruhusu kujitengenezea visanduku vyako, na kazi ikaanza kupendeza. Mtu akitaka waliotoka Murera anabonyeza Murera. Akitaka mazishi ya Alhamisi anabonyeza Alhamisi. Nilijivuna, maitu, siwezi kukudanganya. Watu walianza kuja kutoka Mwihoko, Juja na hata Thika mjini.

Na huko Thika ndiko nilikopata onyo la kwanza, ambalo sikulielewa. Mwenye duka mmoja wa vifaa vya ujenzi, Mhindi wa familia iliyokaa pale tangu babu zao, alifiwa na mama yake. Mwanawe akajaza fomu yetu. Mimi nilikuwa nimeifunga ile fomu kiasi kwamba haikubali kutumwa bila jibu la "Atazikwa wapi". Kijana wa watu alihangaika nayo, mwishowe akaandika "hakuna" ili impitishe. Tovuti ikatangazia ulimwengu mzima kwamba mama yule atazikwa hakuna. Yule bwana alinipigia simu kwa upole mkubwa. "Bwana, sisi hatuziki. Sisi tunachoma. Fomu yako haikutuuliza." Niliomba radhi, nikakifungua kile kisanduku, nikaenda zangu. Leo ndiyo naona alichokuwa ananifundisha. Ukimlazimisha mtu ajibu swali lisilomhusu, atakupa uongo, na uongo huo utautangaza wewe kwa heshima zote.

Baadaye nikaanza kuunganisha. Nikachukua huduma ya ramani ili mgeni aone njia ya kufika nyumbani kwa marehemu. Nikachukua huduma ya kutuma ujumbe kwa simu, wakanipa ule ufunguo wao, mstari mrefu wa herufi na namba usiosomeka, nikaubandika mahali pake, na mara ya kwanza simu yangu ilipolia kwa ujumbe uliotumwa na tovuti yangu mwenyewe nilisimama nikapiga makofi peke yangu dukani. Kila familia ilikuwa na orodha yake ya namba za simu. Tangazo likiingia, ukoo mzima unajua kabla chai haijapoa.

Nikataka zaidi. Nikataka kurasa zijuane. Nilijiambia, kama mzee alitangazwa mwaka jana na mjane wake akatajwa pale na picha yake, basi siku ya huyo mjane tovuti imtambue yenyewe, ilete picha, ilete watoto, familia isihangaike kujaza upya wakiwa na uchungu. Nia yangu ilikuwa nzuri. Ulikuwa nyumbani likizo hiyo, ukingoja kurudi kumalizia kidato cha nne. Ulisimama nyuma ya kiti changu ukasoma nilichoandika, ukaniuliza, "Baba, na wakiwa wawili wa same name, itajua aje ni nani?"

Nikakujibu, "Nimeweka jina na kijiji. Watu wa majina matatu sawa, kijiji kimoja? Ni nadra."

Ukasema, "Si nadra. Si huku kwetu."

Nikakuambia uende ukamsaidie mama yako.

Yaani mimi. Mimi ninayekuita maitu, mama yangu, tangu siku uliyozaliwa kwa sababu umebeba jina la mama yangu. Mimi niliyekaa na Nyokabi wawili katika nyumba moja hadi mmoja alipotuacha, na nikiita mnaitikia wote. Kila nyumba niliyoichapia programu ina cucu na mjukuu wa jina moja, ndivyo tunavyorudishiana watu wetu, na mimi nikakaa mbele ya kompyuta nikasahau desturi ambayo naitamka kila asubuhi nikikuamsha. Sikuwa mjinga. Nilikuwa na kiburi, na wewe ulikuwa na miaka kumi na saba.

Wiki tatu baadaye, dada mkubwa wa Wambui akafariki baada ya kuugua siku chache. Nyambura. Alikuwa kifungua mimba, kwa hivyo alikuwa na jina la nyanya yake mzaa baba, la ubatizo, la Kikuyu na la ukoo, yote matatu. Na cucu wake alikuwa hai, palepale Murera, na picha yake ilikuwa kwenye tovuti yetu kwa sababu tulitangaza kifo cha mumewe mwaka uliotangulia. Baba yao akajaza fomu kutoka kwa simu akiwa ametoka kuuona mwili wa mtoto wake. Jina, kijiji, akatuma. Tovuti ikamtambua cucu. Ikaweka picha ya cucu na wajukuu wa cucu, na ile huduma ya ujumbe ikafanya kazi yake vizuri sana.

Sehemu hii unaijua, watu waliicheka hadi Githurai. Akina mama wa kanisa walifika wakiimba langoni, wamebeba mikate na maziwa, na cucu akatokea upande wa ng'ombe na mzigo wa nyasi mgongoni, akidhani wamekuja kumlilia mjukuu wake, akaanza kuimba nao. Mmoja akapiga nduru. "Ngai! Cucu!" Wengine wakakimbia. Nilipigiwa simu na mjomba wao. "Wewe Baba Nyokabi, umetangaza cucu amekufa na ako hapa anakata nyasi!"

Ambacho hukijui, kwa sababu watu hawakukicheka na kwa hivyo hawakukisimulia, ni kwamba yule mama aliyepiga nduru, alipopata pumzi, alimshika cucu mikono akasema kwa sauti, "Asante Mungu. Kumbe ni ule mdogo." Na mama yake Nyambura alikuwa amesimama hapo. Alimsikia mtu akishukuru. Siku mbili nzima watu walikuwa wakifika kwake wakiwa na nyuso za furaha, kwa sababu wamekuta cucu yuko hai, ndipo wanakumbuka kwamba kuna aliyekufa. Ndivyo nilivyomnyang'anya mtoto wake kilio chake.

Nilikwenda Murera kesho yake baada ya ile simu ya mjomba. Nilikwenda nikijua vizuri ni nini kilichotokea, kwa sababu nilikuwa nimefungua kompyuta nikaona mstari wenyewe niliouandika. Wanaume wa familia walikuwa kwenye viti vya plastiki chini ya hema. Mjomba akaniuliza, bila hasira, "Sasa hii kitu ni nani alifanya?"

Nikasema, "Ni msichana wangu. Yeye ndiye hunisaidia na mambo ya kompyuta. Ni mtoto, mumsamehe."

Nimeandika maneno hayo hapa kama nilivyoyasema, bila kuyapunguza. Hakuna aliyenilazimisha. Hawangenipiga wala kunishtaki. Nilikuwa mwanamume wa miaka arobaini na tisa mwenye tovuti inayosifiwa, na nikaogopa watu waliokaa kwenye viti vya plastiki. Wakanisamehe haraka, maana mtoto ni mtoto. Nikapewa chai. Nilipoinua kichwa nikamwona Wambui kwenye mlango wa jikoni ameshika birika. Alikuwa ananitazama, kisha akaingia ndani.

Kutoka siku hiyo hakukusemesha tena. Ulimwandikia kadi, haikujibiwa. Ulienda mazishini ukasimama nyuma peke yako. Ulikuja kuniuliza hapahapa dukani, ukilia, "Baba, nilimkosea nini?" Na mimi nikakuambia, "Ni uchungu. Mpe muda." Uongo wa kwanza niliusema kwa hofu, na mtu anaweza kuuelewa. Huu wa pili niliusema nikikufuta machozi kwa kitambaa changu. Huu ndio unaoniumiza.

Baada ya mazishi niliitengeneza tovuti upya, na kazi hiyo naisimamia bila aibu. Nenda nayo Kisumu, kwa sababu kule utakuta akina Achieng sita kwenye foleni moja ya zahanati, na hakuna hata mmoja atakayependa kupewa dawa ya mwenzake. Kila mtu kwangu sasa ana namba yake, hata kama jina lake wanalo watu wengine mia. Tovuti ikihisi imemtambua mtu hairuhusiwi kuamua, inaruhusiwa kuuliza tu, na anayejibu ni binadamu. Kabla ujumbe wowote haujatoka napiga simu kwa watu wawili wa familia, nasikia sauti zao wakimtaja marehemu na wazazi wake. Wenzangu wenye tovuti kama hizi huniona mshamba kwa simu zangu. Wacha wanione. Kisanduku kikikosa jibu nakiacha kitupu, na ukurasa wenye pengo haujawahi kunitia aibu. Na huduma ya mtu mwingine ikikujibu kwamba mambo ni sawa, inamaanisha imepokea ulichotuma. Haijui kama ni kweli. Hilo halijui mtu mwingine ila wewe uliyetuma.

Wewe haya yote unayajua kunishinda, na nakuona ukitabasamu hapo. Ambalo labda hulijui bado ni lile la hema. Siku moja utakosea. Utakuwa umeunganisha vitu vitatu, kimoja kitakuwa cha kampuni nyingine, cha pili atakuwa amekigusa mwenzako aliyeajiriwa juzi, na mtu ataingia aulize ni nani alifanya. Utakuwa na majibu matatu mazuri mdomoni, na yote yataaminiwa. Nilikuwa nayo pia. Ningeweza kusema ni mtandao, ningeweza kusema ni ile huduma ya ujumbe. Nilichagua lililokuwa karibu na moyo wangu zaidi, kwa sababu nilijua wewe hutanikana. Ukifika hapo, maitu, sema "ni mimi" kabla hujapata nafasi ya kufikiri. Inachoma kwa dakika chache. Hii nyingine nimekaa nayo miaka mitano na haijapoa.

Sasa nikueleze ya wiki hii.

Jumatatu nilifunga duka nikaenda Murera. Nilimkuta Mama Wambui anachambua maharagwe, cucu amekaa kando yake kwenye jua, bado yuko, bado anauliza habari za ng'ombe wa watu wote. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Mama Wambui hakuacha kuchambua hadi nilipomaliza. Kisha akasema, "Mimi nimekuwa nikikutana na huyo msichana barabarani nageuza uso. Mtoto wa wenyewe. Ananisalimia, 'Habari Mama Wambui', na mimi nageuza uso." Machozi yakamtoka, na hayakuwa ya Nyambura, yalikuwa yako. Hakunikaribisha chai na sikustahili.

Kutoka hapo nikaenda Juja, kwenye duka la nguo la Wambui. Liko karibu na geti la chuo ulichosomea. Miaka minne umepita mbele yake na yeye akivuka barabara. Alinisikiliza akiwa ameshika hanga ya nguo mkononi. Nilipomaliza akaniambia, "Baba Nyokabi, nimemchukia five years. Sasa hiyo chuki nitaiweka wapi?" Nikamwambia aiweke kwangu. Akasema, "Wewe ni mzee wangu, siwezi. Hiyo ndio ubaya." Akaniomba namba yako. Nikamwambia nitakuuliza wewe kwanza, kwa sababu nimeshatoa vya kutosha vilivyokuwa vyako. Akaniuliza basi la Kisumu linaondoka saa ngapi, nikamwambia. Hakusema atakuja, hakusema hatakuja. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi ya mwisho, ufanye nayo upendavyo.

Leo asubuhi, kwa ruhusa ya Mama Wambui, nilifungua ukurasa wa Nyambura. Nikaongeza kisanduku ambacho sikuwahi kukitengeneza, nikakiita Marekebisho, nikaandika hivi: "Kosa la tangazo wakati wa msiba huu lilifanywa na mimi, mwenye tovuti. Nilisema ni binti yangu. Haikuwa kweli. Yeye alinionya mapema, nikampuuza." Nikaweka jina langu lote. Kisha nikatuma maneno hayo kwa orodha ileile ya simu, watu walewale waliopata lile la kwanza, mmoja baada ya mwingine hadi wa mwisho. Simu yangu imelia mara kadhaa tangu saa hiyo na zote nimezipokea.

Barua hii sitaificha ndani ya begi lako. Mtu anayefanya hivyo anataka uchungu wake usomwe wakati wewe uko mbali na huwezi kumkasirikia usoni. Nitakupa mkononi mkirudi, na nitakaa mezani ukiisoma. Nakupenda sana, na najivunia unavyoenda, na hayo mawili hayatabadilika hata ukisema nini. Kwa hivyo usininyamazie kwa sababu mimi ni baba yako. Ulinyamaza mara moja nilipokutuma jikoni, na ulikuwa na haki ya kubishana.

Bishana na mimi sasa. Niko hapa.

Baba yako